Nusu siku mtoni na mwongozaji: kuvua trauti wa asili kwa nimfu (chambo bandia kinachozama, mfano wa mdudu mchanga wa majini), mwanzoni mwa majira ya kuchipua

Nyota nne kati ya tano. Ninazitoa zaidi kwa sababu mwongozaji alitumbukiza kipimajoto mtoni kabla hajafunga ndoana hata moja. Kilionyesha nyuzi 4. Katika baridi hiyo mwili wa trauti hufanya kazi polepole. Hafukuzi chakula, husubiri kimpitie karibu na mdomo. Kwa hiyo tuliiacha mikondo ya kasi, tukaenda kwenye vilindi vyenye maji yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea taratibu, kina cha kiuno hadi kifua.

Vifaa vilikuwa sahihi: ufito wa futi 9 namba 5 (namba ya uzito wa mshipi unaoufaa), mshipi unaoelea, na uzi wa mbele wa futi 9 unaomalizikia kwenye unene wa milimita 0.15. Nimfu zilikuwa mbili, nzito ya namba 12 (namba ya ndoana: ikizidi, ndoana ni ndogo zaidi) yenye ushanga wa tungsteni, na ndogo ya namba 18 iliyofungwa sentimita 40 nyuma yake. Boya hukaa juu ya nimfu kwa umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji.

Somo lenye thamani kubwa lilikuwa chubwi, kizito kidogo kinachobanwa kwenye uzi. Wavuvi wengi hubadilisha nimfu kumi wakati kasoro iko kwenye uzito. Nimfu inapaswa kugusa chini mara moja katika kila mitupo mitano hivi. Isipogusa kabisa, ongeza chubwi moja ndogo. Ikinasa kila mara, punguza, au sogeza boya karibu na nimfu. Kisha tazama povu: maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo boya likienda sawa na povu, ujue nimfu inakokotwa, na trauti hataigusa. Dawa yake ni kuunyanyua mshipi na kuulaza upande wa juu wa mkondo mara tu unapotua. Usingoje boya lizame. Likisita tu, inua ufito.

Nyota iliyopungua ni ya ratiba. Kuanza saa moja asubuhi msimu huu ni kupoteza muda uliolipiwa: maji yaliganda kwenye pete za ufito, na samaki hawakushika mpaka baada ya saa tano, joto lilipofika nyuzi 7. Saa nzuri ni tano hadi tisa alasiri. Siku ya mawingu ndiyo bora, kwani wadudu wadogo wa jenasi ya Baetis huibuka adhuhuri na trauti hupanda juu. Hapo nzi mkavu, yaani chambo bandia kinachoelea juu ya maji, wa namba 18 au 20 anatosha. Jua kali nalo lina hila yake: theluji ikiyeyuka, mto hujaa maji baridi yenye tope.

Kwenye kuwatunza samaki sina lawama. Mwiba wa kila ndoana ulibanwa kwa koleo, mikono ililoweshwa kwanza, samaki alibaki majini ndani ya wavu. Hatukukanyaga mabaka ya changarawe safi, nyeupe kuliko sakafu inayoyazunguka: ni viota, mayai yamo chini yake.

Ukipiga simu kuweka nafasi, omba kuanza saa nne, na uulize kama mwongozaji hubeba kipimajoto.