Siku Tano za Mshipi Pemba: Dereva Hodari, Ratiba Isiyojua Maji

Julai iliyopita nililipia huduma ya gari, dereva na ratiba ya siku tano kutoka kwa kampuni moja ndogo ya utalii, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa kasoro yake kubwa ni moja na inarekebishika kwa kalenda ya ukutani. Kazi waliyopewa ilikuwa kutuzungusha Pemba kutoka Mkoani hadi Konde, na kila siku kutupatia kituo cha kuvua. Mvuvi mwenyewe alikuwa shemeji yangu, mume wa dada, anayeishi Marekani na ambaye kila kiangazi cha kwao hupakia gari na kusafiri siku kadhaa katika jimbo la Montana, akisimama kando ya mito kama Madison na Yellowstone.

Uvuvi wake si wa chambo. Ndoana hufungwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na mdudu au dagaa, na kwa kuwa haina uzito wowote, kinachorushwa hasa ni mshipi mnene, mzito kiasi, nao ndio unaoivuta ndoana hewani hadi inapotakiwa. Uvuvi wa namna hiyo unahitaji mambo mawili ambayo mtayarishaji wa ratiba hana budi kuyajua: maji mafupi ambayo mtu anaweza kusimama ndani yake, na upepo usio na ghasia.

Nianze na yale yaliyostahili fedha zetu. Gari lilikuwa safi, lilitukuta bandarini Mkoani kabla hatujashuka kwenye boti, na nyuma yake palikuwa na dumu la maji baridi, yasiyo na chumvi, kwa ajili ya kuoshea vifaa, jambo ambalo sikulitarajia kabisa, maana chumvi hula chuma cha kuviringishia mshipi kwa siku chache tu. Nyumba za kulala za Chake Chake na Wete zilikuwa za kawaida, hazina la kusifiwa wala la kulaumiwa. Kwa shilingi laki moja na nusu kwa siku, mafuta yakiwemo, sina manung'uniko ya bei.

Tatizo lilikuwa ratiba. Ilikuwa imechapishwa vizuri, yenye kilomita kati ya kituo na kituo, saa ya chai na saa ya kuondoka, na kila siku ilisema kwamba uvuvi ungeanza saa moja asubuhi na kumalizika saa tano. Kilomita katika kisiwa ambacho urefu wake hauzidi 70 hazina maana kubwa. Hakuna mahali ambapo huwezi kufika kabla ya adhuhuri. Kilichokosekana katika kurasa zote nne ni safu moja tu, ya kujaa na kupwa kwa maji.

Safari yetu ilianza mwezi 14 kwa hesabu ya Kiislamu, yaani mwezi mpevu, wakati wa bamvua. Mtu yeyote aliyekulia pwani ya visiwa hivi anajua maana yake: maji hujaa sana mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa sana mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kufika mita nne. Siku ya pili tulifika ufukweni karibu na Wesha mapema kama tulivyoagizwa, tukakuta maji yanakimbia, na ilipotimia saa nne mitumbwi ilikuwa imelala ubavu kwenye tope na kinamama wanaokota chaza pale ambapo shemeji alitarajia kusimama na fimbo yake ya kuvulia. Samaki wa maji mafupi, kolekole na changu miongoni mwao, hupanda pamoja na maji yanayojaa ili kutafuta kaa na dagaa kwenye mikoko na majani ya bahari. Kwa siku ile maji yangefaa kuanzia saa saba mchana, na saa saba sisi tulikuwa ndani ya gari, njiani kwenda Wete, tukipita karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi.

Lazima niseme kwa haki kwamba ile asubuhi iliombwa na shemeji mwenyewe. Kwao Montana ni ushauri sahihi, kwa sababu mto hauna kujaa wala kupwa, na katika kiangazi adui ni joto: maji yakizidi kupata moto, mamlaka za huko hufunga uvuvi katika baadhi ya mito kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku ili samaki wasichoshwe hadi kufa. Aliandika "asubuhi" kwa mazoea, na kampuni ikajibu "sawa" kwa adabu. Mimi naihesabu adabu hiyo kuwa kosa, kwa kuwa mgeni hulipa ili aambiwe asiyoyajua, si ili arudishiwe maneno yake yakiwa yamechapishwa.

Kosa la pili lilihusu Misali. Ratiba iliandika "kuvua Misali" bila maelezo, ilhali kisiwa hicho kimo katika hifadhi tangu mwaka 1998 na kina eneo ambalo haliruhusiwi kuvuliwa kabisa. Tuliambiwa hivyo na mlinzi, kwa upole, tukiwa tumeshashusha vifaa. Tuliziacha fimbo kwenye boti, tukaogelea na kutazama matumbawe, na sijutii, ila suala la wapi panavuliwa na kwa kibali gani lilipaswa kuulizwa kabla ya safari, pamoja na kumjulisha sheha, kiongozi wa mtaa, na kamati ya wavuvi ya kila mahali tunapotia mguu.

Aliyeiokoa safari ni dereva. Ni kijana wa Kojani, kisiwa kidogo cha wavuvi kando ya Pemba, na watu wa Kojani hawahitaji kufundishwa kupanga safari ya uvuvi, kwani kupiga dago, yaani kuhama na vyombo na kukaa kambini mbali na kwao kwa kufuata samaki, ni desturi yao ya miaka mingi. Jioni ya siku ya tatu, baada ya asubuhi nyingine ya tope, aliniita pembeni akasema, "Kaka, mwambie mgeni wako maji hayangoji mtu amalize chai." Kisha akageuza karatasi ya ratiba na kuandika nyuma yake saa za kujaa kwa siku zilizobaki, akisogeza kila siku mbele kwa takriban dakika hamsini, bila kufungua simu.

Akafuta pia kituo cha Vumawimbi, ambacho kampuni ilikifanya kilele cha safari. Ufuo ule ni mzuri mno, lakini unatazama mashariki, na Julai ni mwezi wa kusi, upepo utokao kusini-mashariki; shemeji alisisitiza kujaribu, na mrusho wa tatu ukamrudishia ndoana mgongoni mwa shati. Tulivuka msitu wa Ngezi hadi upande wa magharibi wa rasi ya Kigomasha, ambako nchi yenyewe inakinga upepo. Tuliingia majini saa nane mchana, maji yakiwa ya magoti na yakipanda, tukiburuta miguu mchangani badala ya kuinyanyua, kwa ajili ya taa, samaki bapa wenye mwiba mkiani, waliojifukia. Kabla ya alasiri shemeji alikuwa amepata kolekole wawili, mmoja akifika kama kilo mbili, na amekatikiwa mshipi na wa tatu ambaye hatukumwona.

Nimewaandikia kampuni haya yote. Wamejibu kwamba wataongeza safu ya maji kwenye ratiba zao na kwamba dereva atashirikishwa katika kuzipanga. Ukiwakodi, chukua gari na umwombe dereva wa Kojani, kisha mwachie yeye tarehe za mwezi kabla hujakata tiketi ya boti.