Programu Ipi Uchukue Kusanifu Antena ya Waya Wenye Ganda

Dipole yangu ya kwanza (antena ya waya wenye nusu mbili) ya bendi ya redio iitwayo mita 40 niliichora kwenye kompyuta kama waya mtupu, kisha nikaifunga kwa waya wa kawaida wa nyumbani, ule wa milimita 1.5 za mraba. Urefu ulikuwa mita 20 na kidogo. Nilipoipandisha, badala ya kuitika vizuri kwenye megahezi 7.1 ikaitika karibu 6.9. Ganda la plastiki hupunguza kasi ya wimbi, hivyo antena hufanya kazi kana kwamba ni ndefu zaidi. Kwa waya huo tofauti hukaribia asilimia 3, yaani kama nusu mita nzima. Tangu siku hiyo, programu yoyote naiuliza kwanza: ganda naliandika wapi?

Namba moja ni EZNEC Pro+ ya Roy Lewallen. Zamani ilikuwa ya kununua. Tangu 2022 ni bure. Kwenye jedwali la nyaya unaandika unene wa ganda na namba ya dielektriki, yaani kiasi plastiki yake inavyopunguza kasi ya wimbi. Angalia hapa, ndipo wengi wanapoteleza: unene ni wa upande mmoja tu. Waya wangu nilioupima kwa venia (kifaa cha kupimia vipenyo vidogo) una shaba ya milimita 1.4, na ukiwa na ganda lake ni 2.8. Basi ganda ni 0.7. Kwenye dielektriki, kwa PVC weka 3.5, kwa polithini 2.3.

Ya pili, tena kwa karibu sana, ni 4nec2 ya Arie Voors, nayo bure. Ganda linaingia kwa kadi ya LD 7 (mstari wa maelekezo kwenye faili la antena), ila hapo inataka nusu ya kipenyo cha nje, kwa mfano wetu 1.4. Naipenda kwa sababu inaweza kutafuta yenyewe urefu unaofaa.

NEC-5 ya maabara ya Lawrence Livermore huuzwa dola 110. Kama huziki nyaya ardhini, hela hiyo nunulia waya na venia.

MMANA-GAL ya bure naiweka mwisho. Ni rahisi kujifunza, lakini ganda haina pa kuliandika. Utabaki kupunguza urefu kwa kukisia.

Uchague yoyote, kata waya ukiacha sentimita 30 za ziada kila ncha, zikunje zirudi nyuma, ipandishe, upime, ndipo ushike koleo.