Miezi minane na masomo ya dakika tatu: uzoefu wangu wa kujifunza misemo ya Kiingereza nikiwa Iringa

Kazi yangu ni kuendesha wageni. Nawatoa Iringa mjini hadi Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kilomita kama 130, na sehemu kubwa ya njia ni vumbi la Idodi na Tungamalenga. Siku nyingine tunaishia Isimila tu, kwenye nguzo za udongo na zana za mawe za watu wa kale. Kiingereza cha wanyama na historia ninacho, nimekisoma na nimekizoea. Kilichonisumbua kwa miaka ni maneno madogo ambayo wageni huyatoa wakiwa wametulia, yale ambayo kila neno unalijua lakini ukiyaunganisha hupati kitu.

Kuna wageni wawili kutoka Uingereza siwasahau. Tulikuwa tunarudi kutoka Ruaha, jua kali, nikawauliza kama kesho yake tungepita Isimila kabla ya kuelekea Mbeya. Mmoja akasema: "I think we'll give Isimila a miss." Mimi "miss" nilikuwa naijua kuwa ni kukosa kitu, au kumkumbuka mtu aliye mbali. Nikaelewa kwamba wanaogopa kuikosa Isimila. Asubuhi nikawapeleka, tena kwa moyo wote. Walishuka, wakatembea bondeni kimya, hawakulalamika. Kumbe walichosema ni kwamba Isimila waiache, wamechoka. Yule mama mguu ulikuwa umevimba. Jambo hilo liliniuma sana, na ndiyo sababu nikaanza kutafuta pa kujifunzia.

Nilianza na programu moja ya simu ya kulipia kila mwezi. Sitaitaja. Ilikuwa na picha nzuri na misemo mingi yenye rangi: mvua ya paka na mbwa (yaani mvua kubwa), kupiga teke ndoo (yaani kufa). Nililipa miezi miwili, nikaikariri yote, na katika muda huo wote hakuna mgeni hata mmoja aliyetamka msemo wowote kati ya hiyo ndani ya gari langu. Mvua ikinyesha husema tu kwamba inanyesha sana.

Kilichonisaidia ni vipindi vya sauti vya BBC Learning English, hasa kile kinachoitwa The English We Speak. Wanafundisha Kiingereza kwa watu wa nje tangu mwaka 1943, yaani kabla hata ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC kuanza mwaka 1957. Kwetu nyumbani mzee hakuikosa taarifa ya habari ya jioni ya idhaa hiyo, kwa hiyo jina halikuwa geni. Kipindi kimoja ni kama dakika tatu na kinashughulikia msemo mmoja tu. Watangazaji wawili wanaongea, mmoja anautumia, mwingine anauliza, kisha unasikia mifano michache ya watu wengine wakiutumia. Ni bure, na maandishi ya mazungumzo yote yapo kwenye tovuti yao. Nikipata mtandao mzuri mjini napakua vipindi vya wiki nzima, maana ukishaiacha lami mtandao si wa kutegemea. Nikirudi gari likiwa tupu, nasikiliza kupitia redio ya gari. Kimoja nakirudia mara tano, sita, nikitamka nao.

Faida kubwa niliyoipata ni sauti. Kitabu hakikuambii kwamba "You all right?" ya Mwingereza wa asubuhi ni "Vipi, mzima?" na hasubiri uanze kumweleza mafua yako. Wala hakikuambii kwamba ukimpa mgeni chupa ya maji akajibu "I'm good", amekataa kwa upole, basi irudishe kwenye boksi. Ukisikia watu wawili wanavyolitamka, unajua kama ni utani, heshima au karaha.

Kuna jambo lililonifungua zaidi, nalo nililipata kwenye Kiswahili chetu. Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki. Mgeni akichukua kamusi akakuta "piga" maana yake ni kuchapa, ataielewaje pasi? Nikaacha kuvunja misemo yao vipande. "Put off" ni kuahirisha, "put up with" ni kuvumilia, basi. Nimeikubali mizima mizima kama mgeni anavyopaswa kuikubali "piga deki". Nina daftari la mistari: upande mmoja msemo, upande wa pili namna ambavyo sisi tungesema, na chini yake nani alisema na tulikuwa wapi. Bila kuandika mahali, unasahau.

Usianze na vipindi hivi kama Kiingereza chako bado ni cha kuunganisha sentensi kwa shida. Maelezo yote ni kwa Kiingereza, na wanaongea kwa kasi ya kawaida. Mtu wa kidato cha nne aliyekuwa anasikiliza darasani ataenda nao, mradi mara ya kwanza asome maandishi huku anasikiliza. Pia kumbuka kinachofundishwa hasa ni Kiingereza cha Uingereza. Huko "half seven" ni saa moja na nusu, wakati Mjerumani akisema hivyohivyo kwa lugha yake anamaanisha saa kumi na mbili na nusu. Kwa sisi wa kuwachukua wageni alfajiri, lisaa zima hilo. Sasa narudia saa kwa tarakimu kabla hatujaagana usiku.

Neno ninalohangaika nalo wiki hii ni "quite". Mwingereza akisema chakula cha kambini kilikuwa "quite good", mara nyingi anamaanisha kilikuwa cha wastani, hakikumkera. Mmarekani kwa maneno hayohayo amekisifu kweli. Ukurasa wake kwenye daftari nimeugawa mara mbili kwa rula, na kila mgeni akilitamka namuuliza kwanza ametokea wapi.