Mitutoyo 2052S kwenye valvu za 300Tdi: uzoefu wangu

Fundi wa Land Rover akiniuliza anunue daili geji gani (saa ya mshale ya kupimia mwendo mdogo) kwa kazi ya valvu, namwambia achukue yenye mwendo wa milimita 30, hata kama ya milimita 10 ni rahisi zaidi. Mimi natumia Mitutoyo 2052S, ambayo ni ya milimita 30, kwenye Defender zenye injini ya dizeli ya 300Tdi, ambazo hapa Arusha bado zinapeleka wageni porini. Valvu za injini hii hufunguka karibu milimita 10. Saa fupi ukishaibonyeza kidogo ili ncha yake ishike vizuri, mwendo uliobaki hautoshi. Itagota mwisho huku valvu bado inashuka. Hii ndefu haina shida hiyo. Mshale mkubwa ukizunguka mara moja ni milimita 1, kila mstari ni 0.01, na mshale mdogo unakuhesabia mizunguko.

Kinachosumbua ni stendi ya sumaku inayoishika saa. Hedi ya 300Tdi ni ya alumini, kwa hiyo sumaku haishiki hata kidogo. Bloku ni ya chuma, lakini ukiisimamisha huko chini mkono unakuwa mrefu na unacheza, na saa inasoma mchezo wa mkono pamoja na valvu. Nimechongesha bapa nene la chuma, nalifunga kwa bolti kwenye tundu la hedi, sumaku nakaza juu yake. Bila bapa hilo, saa nzuri kiasi gani haitakusaidia.

Fimbo ya saa lazima ifuate mwelekeo wa valvu yenyewe. Ikiinama nyuzi 15, lifti (kiasi valvu inavyofunguka) ya milimita 10 utaisoma 10.35, na utaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Ncha naiweka kwenye kisahani cha springi. Kabla ya hapo nakagua kwamba vile vikofia vidogo vya juu ya valvu vipo vyote, maana huchomoka kirahisi roka, yaani mikono inayokandamiza valvu, zikilegezwa. Halafu nasifurisha saa valvu ikiwa imefunga kabisa, nazungusha injini taratibu kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki. Starta usiiguse.

Sasa niseme kilichonifanya niipende. Ililetwa Defender inayogonga juu, tik-tik-tik, na fila (bamba jembamba la kupimia pengo) ilikuwa inasema kliarensi, yaani pengo kati ya roka na valvu, ni 0.20 kwenye valvu zote, kama inavyotakiwa. Nikapima lifti. Valvu tatu za kuingiza hewa zilikaribiana sana, tofauti haikuzidi 0.03. Ya nne ilipungua kwa 0.2 hivi. Nikahamishia ncha juu ya roka, mahali inapokandamiza valvu, nikaitikisa kwa mkono: saa ikasoma 0.41. Fila imekosea vipi? Roka imelika na kuchimbika pale inapogusa. Fila ni bapa, inapita juu ya shimo kama daraja, haifiki chini. Pengo halisi lilikuwa maradufu ya lile tuliloamini, na kila kinachozidi kwenye pengo kinakatwa kwenye lifti.

Kabla ya kuilaumu roka peke yake nilipima pia upande wa pushirodi, fimbo inayosukumwa na kamshafti ili kuinua roka. Hiyo ilipanda sawa na wenzake, kwa hiyo kamshafti ilikuwa nzima. Hapo ndipo mteja alipookoa fedha, kwa sababu fundi anayekisia angefungua mbele yote, mkanda na kamshafti, kwa ugonjwa ulioko juu. Tukabadilisha roka, tukaweka 0.20, lifti ikarudi kulingana na nyingine na kelele ikaisha.

Faida nyingine ndogo: wanaorekebisha kliarensi kwa kanuni ya tisa, ambapo namba za valvu mbili zinajumlika tisa (valvu ya 8 ikifunguka kabisa unarekebisha ya 1, ya 6 unarekebisha ya 3, na kuendelea) wataona kilele halisi pale mshale unaposimama kabla ya kurudi. Jicho tupu haliwezi kukionyesha hivyo.

Kwa fundi wa pikipiki au wa injini ndogo zenye lifti ya milimita 6 au 7, saa ya milimita 10 inatosha, asijibebeshe gharama. Upungufu ninaouona kwenye hii ni ukubwa: fimbo yake ndefu inahitaji nafasi juu ya hedi, na kwenye silinda ya nyuma, karibu na ukuta wa kabini, inabana. Pale nafunga ncha ndefu ya ziada. Uzi wake ni M2.5, kwa hiyo ukiagiza taja kipimo hicho.