Vidonge vya ndama kwa watoto wa mbuzi: vinafaa, ila wanga wake upimwe

Maduka mengi ya pembejeo hayana chakula kilichotengenezwa mahususi kwa watoto wa mbuzi. Mfugaji akiuliza, hupewa chakula cha kuanzishia ndama: vidonge vya kahawia, protini asilimia 16 hadi 18, gunia la kilo 50 au cha kupimiwa. Kinafaa? Ndiyo, kwa masharti ambayo hayajaandikwa kwenye gunia. Lebo kwa kawaida hutaja protini, mafuta, nyuzi, kalsiamu na fosforasi. Wanga, ambao ndio unaoamua mtoto anenepe au afe, hautajwi.

Faida yake kwanza. Mtoto wa mbuzi huzaliwa na tumbo la kwanza dogo ambalo bado halifanyi kazi. Maziwa hulipita na kwenda moja kwa moja tumbo la nne. Kinacholikomaza ni chakula kikavu. Bakteria wakivunja wanga hutoa asidi ya propioniki na ya butiriki, na hiyo butiriki ndiyo hasa inayochochea vile vinyweleo vya ukutani vinavyofyonza chakula. Mtoto wa majani matupu hupata tumbo pana lenye vinyweleo vifupi, na akiachishwa maziwa mapema anadumaa. Hapa vidonge vinastahili bei yake.

Balaa huja vidonge vikizidi, au vikija ghafla. Punje ya mahindi ni wanga kwa takriban asilimia 70, na kwenye vidonge imesagwa laini, kwa hiyo huchachuka haraka kuliko mahindi yaliyoparazwa. Bakteria aitwaye Streptococcus bovis huzaliana kuwapita wenzake na kumwaga asidi ya laktiki. pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi (namba ikishuka, asidi imezidi), ikifika chini ya 6, bakteria wa kuvunja nyuzi kama Fibrobacter hulegea. Ikishuka chini ya 5.5 na kukaa huko, ukuta wa tumbo hubabuka na vijidudu hupenya hadi kwenye ini. Wanga unaoponyoka bila kuvunjwa hufika utumboni, na huko bakteria mwingine, Clostridium perfringens aina ya D, hupata karamu na kutoa sumu. Ndiyo maana anayekutwa amekufa alfajiri mara nyingi ni yule mnene, wa kwanza kihorini. Jirani atasema nyoka.

Kasoro kubwa ya vidonge, basi, ni kwamba havina nyuzi ndefu. Bila nyuzi ndefu mtoto hacheui vya kutosha, mate yanakuwa machache, na mate ndiyo yanayopunguza ukali wa asidi. Weka nyasi kavu safi kihorini muda wote, na mtoto ale hizo kwanza asubuhi.

Kipimo kinachofaa kwa mbuzi wa maziwa, Saanen au Toggenburg na chotara wao: wiki ya 2, konzi ndogo ya gramu 20 hivi, ya kumzoesha tu. Wiki ya 4, gramu 50. Wiki ya 8, gramu 150. Wiki ya 10 hadi 12, gramu 200 hadi 250, na hapo simama. Gawa mara mbili kwa siku, na kila nyongeza ienezwe kwa siku kadhaa. Ukibadilisha aina ya chakula, changanya cha zamani na kipya kwa siku 10 hadi 14. Bakteria hawahami kwa siku moja. Mabaki ya jana yatolewe, na maji safi yawepo hata kama bado ananyonya.

Angalia kinyesi kila asubuhi. Punje kavu zinazotengana ni salama. Zikigandamana kama kinyesi cha mbwa, punguza vidonge nusu siku hiyo hiyo. Ukiona uharo wenye harufu ya uchachu, ubavu wa kushoto unaochezacheza maji na mtoto anayesaga meno, ondoa vidonge vyote, acha nyasi, na mwite daktari wa mifugo. Chanjo ya sumu hiyo ya Clostridium ipo. Apewe mama mjamzito wiki 4 hivi kabla ya kuzaa, kinga ipite kwenye dang'a.

Mbadala wa bei nafuu ni pumba za mahindi, lakini hazitabiriki: zikiwa na chengachenga nyingi wanga unapanda, zikiwa maganda matupu unashuka. Tena zina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Kwa madume, hasa waliohasiwa, hilo huleta vijiwe vya mkojo. Kalsiamu iwe karibu mara mbili ya fosforasi, kwa hiyo pumba bila chokaa ya mifugo zisitumike. Unga wa ngano ni hatari zaidi, huchachuka upesi kuliko mahindi.

Dukani, usikubali chakula cha ng'ombe wakubwa kwa kisingizio cha kufanana: baadhi kina urea, na tumbo changa haliwezi kuihimili. Chota vidonge kutoka chini ya gunia. Vumbi likijaa kiganjani, acha. Watoto hulikataa, na walio na pupa huwapalia. Harufu ya ukungu, acha pia. Mtoto mmoja hadi kuachishwa hutumia kilo 7 hivi, kwa hiyo mwenye watoto wawili apimiwe kilo chache chache, aombe kuona tarehe kwenye gunia lenyewe.