Mjomba wangu si mgonjwa hewa: uzoefu wangu na jukwaa la michango

“Dada, siku hizi wagonjwa hewa ni wengi.” Nilijibiwa hivyo na kijana wa huduma kwa wateja wa jukwaa la kuchangisha pesa mtandaoni, huku mjomba wangu amelala wodini, mfupa wa paja umevunjika, mguu umefungwa mawe ya kuuvuta. Mgonjwa hewa! Mtu aliyenilipia karo kwa pesa za samaki!

Aligongwa na tuktuk Likoni, Mombasa, si zamani sana. SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, tulishamlipia ya mwaka mzima kwa mpigo, kama anavyotakiwa asiye na mshahara, lakini hospitali tuliyompeleka ilitaka tununue chuma cha paja wenyewe na tuweke dipoziti kabla ya upasuaji. Mkono mtupu haulambwi. Familia ikakaa, ikaamua ufunguliwe mfuko wa mchango, nami nikapewa kuusimamia.

Sikutaka kutumia laini yangu. Akaunti ya kawaida ya M-Pesa haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na zaidi ya hilo, pesa za mgonjwa zikikaa kwa mtu mmoja maneno hayakosi. Kwenye jukwaa kila anayechanga anaiona jumla ikipanda. Hapo nawasifu kwa moyo mmoja. Usiku ule ule meseji zilianza kumiminika: binamu walioko Muscat walituma kwa kadi, wavuvi wenzake mjomba wakatuma mia mia. Nililia.

Kesho ndiyo upasuaji, nabonyeza kutoa pesa, naambiwa akaunti “iko chini ya ukaguzi”. Hakuna aliyekuwa amenipigia. Pesa naziona, kuzigusa siwezi. Napiga simu, wanataka barua ya hospitali yenye muhuri na makadirio ya gharama. Nakwenda kwa mhasibu, ananiambia barua haitoki mpaka dipoziti iingie. Na dipoziti ndiyo hiyo waliyoifungia! Nikamtumia yule kijana picha ya eksirei, kadi ya wodi, kitambulisho cha mjomba. Ndipo akanipa hayo ya wagonjwa hewa, huku anatafuna kitu. Nilipoomba kuzungumza na mkubwa wake, akakata simu.

Upasuaji ukaahirishwa. Mjomba akaniuliza, “Mwanangu, kwani watu hawakuchanga?” Mtu wa maumivu yale unamwelezaje habari za muhuri?

Utapeli upo, silikatai hilo. Watu huiba picha za wagonjwa wakachangisha nazo, na anayetoa pesa zake ana haki ya kulindwa. Basi mkague siku mtu anapofungua mfuko, kabla shilingi ya kwanza haijaingia. Wakati wa kupokea hamkuuliza barua. Wakati wa kutoa ndipo mnaukumbuka muhuri?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu, kwa sababu baadaye dada mmoja wa ofisi hiyo alinipigia, akaomba radhi kwa adabu, akasema pesa zinaweza kwenda moja kwa moja kwenye paybill ya hospitali, yaani namba yake ya kupokelea malipo ya M-Pesa. Zikaenda papo hapo. Mungu ambariki. Lakini kumbe njia hiyo ilikuwepo tangu mwanzo! Kijana wa kwanza angeitaja tu, mjomba asingelala na paja lile siku zote zile. Na ada yao walikata kamili, hata senti hawakusamehe. Hapana, nyota tatu nimezifuta. Moja, na hiyo moja ni ya yule dada.

Mjomba sasa anatembea kwa magongo, na bili ya mazoezi ya viungo bado inatungoja. Safari hii mchango utapitia akaunti ya chama cha mama, kikundi chake cha kuweka akiba, yenye watia sahihi watatu. Ukilazimika kutumia jukwaa la namna hii, siku ya kwanza kabisa waandikie kwamba unataka malipo yaende hospitali moja kwa moja, na wakujibu kwa maandishi kabla hujamtumia mtu yeyote linki.