Ziara ya Kuongozwa Katika Misikiti, Makanisa na Sinagogi ya Cairo: Uzoefu Wangu

Nilishiriki ziara ya siku nzima ya maeneo ya kale ya ibada jijini Cairo, ile inayoanzia Mar Girgis, mtaa wa Cairo ya Kale, na kuishia kwenye Ngome ya Salahuddin. Ninaandika kwa ajili ya wanaojiuliza kama walipie kiongozi au wajitembelee wenyewe. Kwa maoni yangu, kiongozi anastahili malipo yake yote katika Cairo ya Kale. Kwingineko mtu anaweza kujitegemea bila kupoteza mengi.

Cairo ya Kale inahitaji maelezo kwa sababu sehemu kubwa ya historia yake imefukiwa au imejengewa juu. Kanisa la Bikira Maria, ambalo wenyeji huliita Al-Muallaqa, yaani Lililoning'inia, limekaa juu ya lango la kusini la ngome ya Warumi ya Babiloni, na hufikiwa kwa kupanda ngazi 29. Anayeingia bila kuelezwa ataona viambaza vya mbao vilivyonakshiwa kwa mpingo na pembe za ndovu, atavistaajabia, kisha atatoka. Kiongozi wetu alitupeleka pembeni, penye uwazi sakafuni uliofunikwa kwa kioo, akatuonyesha kuta za lango la Warumi zilizo chini kabisa, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba sakafu niliyokuwa nimeikanyaga imeegemea minara ya ngome na chini yake hamna ardhi. Alituonyesha pia mimbari ya marumaru na nguzo zake nyembamba, ambazo kwa mapokeo ni mfano wa Yesu na mitume wake, ile nyeusi ikiwa ni ya Yuda.

Kanisa la Abu Serga, lililo jirani, ni kinyume chake: unateremka ili kulifikia, maana ardhi ya mji imepanda karne kwa karne. Chini ya kanisa hilo kuna pango ambalo Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri, wanaamini kwamba Familia Takatifu ilipata hifadhi humo ilipomkimbia Herode, na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likiingiwa na maji ya ardhini. Tulipofika, akina mama walikuwa wakisali mbele ya picha takatifu, na kiongozi akatusimamisha nyuma, kimya, hadi walipomaliza. Nilimheshimu sana kwa hilo, kwani ziara nyingi husahau kwamba nyumba hizi bado zina wenyewe.

Hata hivyo, mahali palipoigusa nafsi yangu zaidi ni Sinagogi la Ben Ezra, lililofunguliwa tena mwaka 2023 baada ya ukarabati. Jengo lenyewe si kubwa. Lakini Wayahudi wa Fustat, mji uliotangulia Cairo mahali hapa, hawakutupa ovyo maandishi yanayoweza kuwa na jina la Mungu. Waliyaweka katika chumba cha sinagogi, na pamoja nayo wakaweka hati za ndoa, hesabu za biashara na barua za kila siku. Mwaka 1897 mwanazuoni Solomon Schechter alipeleka sehemu kubwa ya hazina hiyo Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambako leo kuna vipande zaidi ya 190,000. Miongoni mwake zimo hati za mkono wa Musa bin Maimun, mwanafalsafa na tabibu aliyefariki mwaka 1204, na barua za wafanyabiashara waliopeleka mali Aden na India. Kwa msomaji wa pwani yetu, hiyo ni habari ya bahari yetu wenyewe, iliyohifadhiwa kwa uchaji wa watu wa dini moja ndani ya mji ulioasisiwa na Waislamu. Bila kiongozi ningeona chumba tupu tu.

Msikiti wa Amr ibn al-As uko mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo. Ndio wa kwanza kujengwa Misri, mnamo mwaka 642, ingawa umepanuliwa na kujengwa upya mara nyingi kiasi kwamba jengo la mwanzo halipo tena.

Lawama yangu kwa waandaaji inahusu mchana. Msikiti wa Ibn Tulun, uliokamilika mwaka 879 na kubaki karibu na sura yake ya asili kuliko misikiti mingine mikongwe ya Cairo, tulipewa muda wa kuzunguka ua na kurudi garini. Mnara wake wenye ngazi za nje zinazouzunguka hatukuupanda, wala hatukutazama kwa makini nakshi za plasta, ambazo hubadilika kutoka tao moja hadi jingine. Muda huo ulihifadhiwa kwa ajili ya Ngome ya Salahuddin, ambako Msikiti wa Muhammad Ali ni mzuri na mandhari ya jiji ni ya kuvutia, lakini maelezo tuliyopewa yalihusu zaidi saa ya mnara iliyotolewa zawadi na mfalme wa Ufaransa.

Anayetaka ziara hii aulize kabla ya kulipa ni muda gani umetengewa Ibn Tulun, na aepuke Ijumaa, kwa kuwa adhuhuri misikiti huwa ya wenye kuswali. Wanawake wabebe mtandio, na kila mtu avae viatu vinavyovulika kwa urahisi. Mwenye bajeti ndogo achukue kiongozi wa Cairo ya Kale peke yake, kisha aende Ibn Tulun mwenyewe, asubuhi, bila gari la kumngoja nje.